Maisha ya Mpanga Herufi Aliyeomba Nafasi Mezani

Alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu mwaka 1931, mtoto wa nne wa fundi seremala na mkewe mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alizaliwa mzima. Jambo hili lazima litangulie mengine yote, kwa sababu tangu afariki wamejitokeza watu wa kusimulia kwamba alitoka tumboni mwa mama yake na alama usoni, na kwamba alama hiyo ilikuwa ishara ya kuteuliwa kwake. Ni uongo mtupu. Mkunga aliyempokea aliishi miaka mingi, akaulizwa na mapadri wawili kwa nyakati mbili, naye akawapa wote jibu moja: mtoto alikuwa mnene, ana mashavu mawili, na kilio chake kilisikika hadi kwa jirani wa tatu. Alibatizwa siku ya nane. Watu walimpokezana mikononi kama wanavyopokezana watoto wote, kila ukoo ukidai kwamba pua ni ya kwao, na hadi alipotimiza miaka minne hakuna mlango uliofungwa mbele yake.

Mwaka 1935 surua ilipita mjini ikazoa watoto wengi. Yeye ilimwacha hai, ila ilimwacha amekonda na hana nguvu, na katika unyonge huo kikaanza kidonda kidogo kwenye ufizi. Mama yake alidhani ni jino linaota. Kwa muda wa siku tisa kidonda kile kilikula shavu lote la kushoto, kutoka ndani kwenda nje. Daktari alisema mtoto amecheleweshwa na hatapona, lakini alipona. Palipokuwa na shavu pakabaki tundu, meno yakionekana hata anapofunga mdomo, taya limekaza kiasi kwamba kijiko kidogo tu ndicho kiliweza kupita, na mate hayazuiliki ila kwa kitambaa. Maneno mengine yalimtoka kwa shida, ikambidi anayemsikiliza atulie kidogo ndipo aelewe. Akili yake haikuguswa, wala moyo wake, wala hamu yake ya kukaa na watu.

Baba yake hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mtoto huyu, na kwa mapenzi hayohayo alipiga ukuta wa mbao katikati ya chumba cha mbele, ili wageni wakija mtoto ale nyuma yake bila kusumbuliwa. Ndivyo alivyosema: bila kusumbuliwa. Tumezoea kumsifu seremala yule kwa ubao wake uliorandwa vizuri, na hakuna anayeuliza ni nani hasa aliyekuwa akisumbuliwa. Mama ndiye aliyechukua sahani yake, akawaacha wageni na mume wake, akaenda kula nyuma ya ubao pamoja na binti yake, siku zote za maisha yake. Shangazi alipomwambia kwamba anamdekeza mtoto, alimjibu maneno ambayo shangazi hakuyasahau: “Wifi, mimi siogopi kwamba atakufa njaa. Mikono anayo. Naogopa kwamba atakula peke yake mpaka anazikwa.”

Shule ilimkataa. Mwalimu mkuu alieleza kwa upole sana kwamba watoto wengine wangeshindwa kuzingatia masomo. Basi akajifunza nyumbani, kwa kuketi upande wa pili wa meza wakati kaka yake anafanya kazi zake za shule, kitabu kimemwelekea kaka. Matokeo yake yalikuwa jambo la kuchekesha, na yeye mwenyewe alilicheka hadi uzeeni: alijua kusoma maandishi yaliyopinduliwa miaka miwili kabla ya kujua kuyasoma yakiwa sawa. Kaka alimfanyia mzaha kwamba ukimpa barua wima ataishika juu chini. Hakuna aliyejua kwamba mzaha huo ungekuja kumlisha.

Mama yake alifariki mwaka 1947. Baada ya matanga, shangazi alimchukua msichana wa miaka kumi na sita, akamfunga kitambaa cheupe usoni, akampeleka kwenye kiwanda cha uchapaji cha kanisa. Siku zile vitabu vilipangwa kwa herufi za madini ya risasi, moja baada ya nyingine, nazo husomwa kinyumenyume na juu chini. Wanagenzi walihitaji mwaka mzima kuzoea. Fundi mkuu alimwekea ukurasa uliokwisha kupangwa, akamwambia asome. Msichana aliusoma wote bila kusita, akamwonyesha makosa mawili. Fundi mkuu aliinama akayatazama, akavua miwani, akamwambia shangazi: “Herufi hazina macho. Kesho aje mapema.”

Akapewa nafasi katika chumba cha nyuma, chenye dirisha moja la juu, makasha ya herufi ukutani, na harufu ya wino na mafuta ya taa iliyokuwa haimtoki mtu hata akioga. Alisimama mbele ya makasha yale kwa miaka kumi na tisa. Mikono yake ilikuwa myepesi kiasi kwamba wenzake waliacha kushindana naye, na kwa kuwa alisoma polepole, herufi kwa herufi, hakuna kosa lililompita. Baadaye alikabidhiwa pia kazi ya kusahihisha prufu, zile karatasi za majaribio kabla ya kuchapa. Vitabu vya sala ambavyo babu na bibi zetu walivishika kanisani, vikiwa havina hata nukta iliyokosewa, vilipita chini ya macho yake. Waliovishika hawakutaka kukaa naye benchi moja, na komunyo aliipokea kwenye mlango wa sakristia, chumba cha mapadri cha kuvalia, baada ya watu wote kurudi kwenye viti vyao. Paroko aliita utaratibu huo busara ya kichungaji.

Sasa tuje kwenye meza. Kiwanda kilikuwa na chumba cha kulia chakula chenye meza moja ndefu na mabenchi mawili, na wafanyakazi ishirini na wawili walikula pamoja saa sita na nusu. Siku yake ya kwanza aliingia kama wote, akaketi ukingoni, akatoa kijiko chake kidogo, akafungua kitambaa. Mwendesha mtambo aliyekuwa mbele yake aliinuka na sahani yake. Akafuata mfunga vitabu. Kufumba na kufumbua, upande ule wa benchi ulikuwa mtupu, na watu kumi walikuwa wamesimama ukutani wakila wima badala ya kukaa karibu naye. Msimamizi alimjia baadaye, akasema: “Dada, usituelewe vibaya. Hatukuchukii hata kidogo. Ni chakula tu, hakishuki. Si ungekula kule kwenye ghala la karatasi? Kule kuna utulivu.” Alikula kwenye ghala la karatasi. Lakini kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikwenda hadi mlango wa chumba cha chakula, akasimama na sahani yake, akauliza: “Kuna nafasi?” Wakajibu: “Pamejaa.” Mmoja hakukosa kuongeza kwamba leo wamebanana kama dagaa kwenye mkebe, na wengine wakacheka. Benchi lile lingebeba watu sita zaidi. Hesabu na uone: miezi kumi na miwili mara miaka kumi na tisa.

Katika majalada ya kamati inayochunguza maisha yake ili atangazwe mtakatifu imeandikwa kwamba aliuliza swali hilo “kwa unyenyekevu na tabasamu.” Tabasamu lipi? Shavu la kutabasamia hakuwa nalo. Mama aliyefagia kiwanda, shahidi ambaye kamati ilimsikiliza kwa dakika tano tu, alisema hivi: “Jamani, alikuwa na hasira yule! Akirudi ghalani alikuwa anazipiga zile rimu za karatasi makofi, pa, pa, pa. Halafu anasali. Halafu anakula.” Maneno hayo yameachwa nje ya ripoti. Wamemvisha mwanamke huyu kilemba cha ukoka, wakamfanya mpole kama mshumaa, kwa sababu mtakatifu mpole hamdai mtu chochote. Yeye alidai. Mwezi baada ya mwezi alidai kitu kimoja, kidogo, ambacho mbwa wa mlinzi alikipata bila kuomba, maana mbwa yule alilala chini ya meza ileile wakati wa chakula.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1966. Paroko alikuwa ameandika kitabu cha mafundisho kwa watoto wanaojiandaa kwa komunyo ya kwanza, na muswada ukaletwa kiwandani. Katika sura ya saba Dhambi inakuja nyumbani kwa watoto wema na kubisha hodi. Paroko, aliyekuwa fundi wa maneno, aliichora hivi: shavu limetoboka, meno yametokeza nje, mate yanachuruzika, na watoto wema walipouona uso huo walikimbia. Mpanga Herufi aliipanga sentensi ile mpaka neno la mwisho. Wenzake wanakumbuka kwamba alisimama muda mrefu mbele ya kasha, mikono imetulia, jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Kisha akaing’oa mistari mitatu, akairudisha herufi moja moja kwenye vyumba vyake, akapanga upya: Dhambi ilibisha hodi, uso wake ni mzuri na umepakwa mafuta, na watoto wakaikaribisha mezani. Akajaza nafasi zilizobaki kwa vipande vya risasi ili ukurasa usisogee. Prufu akaisahihisha mwenyewe, akatia sahihi. Nakala elfu tatu zilichapwa, zikafungwa, zikakatwa kingo, na hakuna aliyegundua mpaka paroko aliposimama mbele ya watoto akaanza kusoma kwa sauti.

Aliitwa ofisini kwa mkurugenzi wa kiwanda. Mkurugenzi, paroko na msimamizi walikuwa wameketi, yeye alisimama. Maneno yaliyosemwa mle yamehifadhiwa na msimamizi, ambaye uzeeni mwake hakuweza kuyanyamazia tena.

“Nani alikupa ruhusa ya kubadilisha maneno yangu?” paroko aliuliza.

“Sikubadilisha, Padri. Nilisahihisha. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa.”

“Kulikuwa na kosa gani?”

“Uliandika kwamba Dhambi ina uso wangu.”

“Sikukuandika wewe! Ule ni mfano tu, wa watoto.”

“Mfano uliutoa wapi?”

Paroko alimgeukia mkurugenzi. Ndipo Mpanga Herufi aliposema maneno ambayo leo tunayachapa kwenye kadi za sala, tukiwa tumeyakata nusu ya mwisho ili yasitukere: “Mimi Dhambi naijua, Padri. Nimeiona ikila saa sita na nusu kila siku. Ina mashavu mawili.”

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kupatanisha. Alijua kwamba hana mpanga herufi mwingine kama huyu, na alijua pia, kama kila mtu kiwandani, kile alichokitamani. Akaweka mbele yake pendekezo. Aandike barua ya kuomba radhi, aupange ukurasa ule upya kwa mkono wake mwenyewe kama paroko alivyouandika, na kuanzia Jumatatu atakula mezani pamoja na wote. “Mimi mwenyewe nitawaambia wakusogelee. Atakayeinuka atanitambua.” Msimamizi anasema mwanamke yule alisogea hatua moja mbele. Akauliza: “Nitakaa upande gani?” Mkurugenzi akajibu kwamba popote apendapo, hata katikati. Mwanamke akaomba apewe mpaka jioni.

Saa kumi, chumba cha chakula kikiwa hakina mtu, mama mfagiaji alimkuta ameketi katikati ya benchi. Ameweka mikono juu ya meza, viganja vimefunguka, na anatazama upande huu na upande ule kama mtu anayepima nani atakuwa kulia kwake na nani kushoto. Mama yule alitaka kurudi nyuma, akaona amechelewa, akasema tu: “Utakubali, si ndiyo? Kubali, mwenzangu. Maneno ni maneno tu, yatasahauliwa.” Mpanga Herufi alikuwa analia. Tuseme wazi kwamba alilia, kwa sababu wapo wanaofundisha kwamba watakatifu huchagua mema kama mtu anayechagua kiti cha kivulini. Huyu alitaka meza ile kuliko alivyotaka kupona. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na tangu mama yake afe hakuwa amekula mlo hata mmoja na mtu mwingine.

Alirudi ofisini akasema: “Kati ya watoto watakaosoma kitabu hiki, yupo mwenye uso kama huu. Mnataka nimpangie kwa mikono yangu sentensi ya kumfukuza mezani, ili mimi nipate kuketi. Siwezi.” Mkurugenzi akamwomba afikirie tena. Akasema: “Nimefikiri miaka kumi na tisa.” Siku hiyohiyo akaachishwa kazi. Ukurasa ukapangwa na mwanagenzi, ambaye aliacha makosa manne, na zile nakala elfu tatu zikachanwa karatasi moja moja na kubandikwa nyingine. Watoto wa mji huu, na watoto wao baada yao, walifundishwa kumkimbia mwenye shavu lililotoboka kwa idhini kamili ya wakubwa wa kanisa. Kitabu kile kilichapwa mara sita.

Alihamia chumba cha kupanga katika mtaa wa mafundi wa mabati, akajipatia riziki kwa kuandikia watu barua. Nje ya mlango wake aliweka meza, aliyoipiga kaka yake, na mabenchi mawili. Saa sita na nusu aliketi pale, uso kuelekea barabarani, bila kitambaa, akala. Mtu akipita na kutazama, alimwambia: “Nafasi ipo.” Wiki ya kwanza watoto walimzomea. Mpangishaji alimtaka aingie ndani kwa kuwa anawafukuzia mafundi wateja. Akamjibu kwamba amelipa kodi ya chumba na kibaraza, na Mungu ndiye aliyetoa barabara. Wa kwanza kuketi alikuwa mama aliyemwagiwa maji ya moto na mume wake, shingo imekakamaa, ambaye alikuwa amezoea kula chooni nyumbani kwa dada yake. Aliketi akiwa amejifunika, akala matonge mawili, akaondoka. Kesho yake alirudi. Baada ya miaka mitatu meza ile ilikuwa na watu kumi na mmoja, na fundi bati wa jirani, ambaye hakuwa na kovu hata moja, alianza kuja kwa sababu, alivyosema yeye mwenyewe, mazungumzo ya pale yalikuwa matamu kuliko ya mkewe.

Wahubiri wetu wanapenda kuishia hapa. Wanasema alikataliwa na watu, akapata watu wake, akatulia. Wanasema hivyo kwa sababu inawapendeza waliomkataa. Yeye hakutulia. Alitaka meza ya wote, si meza ya makovu, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi aliendelea kutembea hadi kiwandani, akasimama mlangoni na kuuliza kama kuna nafasi, ingawa hakuwa tena mfanyakazi. Mlinzi mpya aliamriwa asimwingize. Basi akaulizia getini.

Mwaka 1971 paroko alipata kiharusi. Mdomo wake ulivutwa upande mmoja, jicho likalegea, mate yakawa yanamtoka. Paroko mpya aliamua kwamba kumpandisha altareni kungewakwaza waumini, akamweka chumba cha nyuma cha nyumba ya mapadri, na mpishi akamlisha akiwa amevuta pazia. Mjini watu walinong’ona kwamba hujafa hujaumbika. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakasema Mungu amemlipia Mpanga Herufi. Habari hiyo ilimfikia akiwa kwenye foleni ya bomba la maji, na wanawake waliokuwepo wanasema aliitua ndoo kwa kishindo. “Mungu hapigi watu usoni! Mkome kumsingizia! Kama angekuwa anapiga, ningekuwa nimefanya nini mimi nikiwa na miaka minne?” Aliacha ndoo palepale, akaenda nyumba ya mapadri.

Mpishi alimruhusu kwa kuogopa sauti yake. Alivuta pazia, akamkuta mzee amegeukia ukutani. Akamwambia: “Padri, nafasi ipo,” akamtoa kwa kiti cha magurudumu, akamsukuma katikati ya mji mchana kweupe, hadi kwenye kibaraza chake. Siku ya kwanza paroko hakufungua mdomo. Mwanamke yule alikula mbele yake polepole, akimwonyesha kama mwalimu: kijiko kidogo, kichwa kiinamishwe upande mzima, kitambaa kibanwe hapa, si pale. Siku ya tatu mzee alikula. Alikula kwenye meza ile miaka miwili, mpaka alipofariki, kati ya mama wa shingo na fundi bati. Kwa mkono uliokuwa bado unamtii alimwandikia mkurugenzi wa kiwanda barua ya mistari minne, akiomba sura ya saba ichapwe kama Mpanga Herufi alivyoisahihisha, “kwa sababu kosa lilikuwa langu.” Barua hiyo ipo. Mkurugenzi aliiweka kwenye jalada na hakuijibu, na toleo la sita lilitoka mwaka uliofuata bila kubadilishwa kitu.

Yeye mwenyewe alishikwa na nimonia mwezi wa nne mwaka 1974. Hospitalini walimpa kitanda cha mwisho, wakamzungushia pazia. Mtawa aliyemuuguza alimwuliza kama anataka padri. Akasema ameshampata asubuhi. Akamwuliza basi anataka nini. “Toa pazia.” Mtawa akalitoa. Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyekuwa hamjui, alimtazama kitambo, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda chake na kikombe cha uji, wakanywa kwa kupokezana. Alifariki siku ya pili, tarehe kumi na tisa, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Maajabu yaliyoandikwa ni mengi, na Kanisa halijatamka neno lake la mwisho juu yake. Yupo binti ambaye kovu lake la usoni linasemekana lilififia baada ya novena, ile sala ya siku tisa. Wapo walioota ndoto. Kamati inafurahia zaidi maajabu ya namna hiyo, ya nyuso kunyooka, na mtu anaweza kujiuliza mwanamke huyu angesema nini akijua kwamba tumemfanya mwombezi wa kuondoa makovu, yeye aliyeomba maisha yake yote watu waondoe kitu kingine. Kiwandani wameweka kiti kwenye meza ndefu, kimefungwa utepe mweupe, kinaitwa kiti chake. Hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Na picha yake, iliyowekwa juu ya kaburi na kuchapwa kwenye kadi, ilitokana na picha moja tu iliyopatikana, ya wafanyakazi wote, ambamo mpiga picha alimwamuru ageuke pembeni. Mchoraji alikuwa na upande wa kulia tu wa uso. Akaunakili, akaugeuza, akauunganisha. Fundi bati, alipoonyeshwa, alishika kadi ile mbali na macho, kisha karibu, akauliza: “Huyu ni nani?”

Mwaka jana, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, mahujaji walikuwa wengi kuliko miaka yote. Baada ya misa meza zilipangwa uani. Akaja mama mmoja kutoka mbali na binti wa miaka tisa hivi, amefungwa kanga usoni. Walikuwa wamesikia kwamba hapa kuna mtakatifu asiye na shavu. Binti alisimama mbele ya picha muda mrefu, akamwambia mama yake: “Siye. Huyu mzuri.” Kisha wakaja uani, wakaketi, na binti akafungua kanga ili ale. Vijana wawili wa kamati ya mapokezi, wamevaa fulana zenye picha ya Mpanga Herufi kifuani, walimwendea mama yule kwa adabu kubwa, wakamfungia chakula, wakawaonyesha mahali penye utulivu nyuma ya tangi la maji. Viti vitatu kutoka pale alikuwa ameketi mwandishi wa kurasa hizi, aliyekwisha kuandika zaidi ya nusu yazo. Aliona yote. Alikuwa na kipande cha mkate mkononi, na hakusimama.

Basi anayetaka kumwiga mtumishi huyu wa Mungu asianze kwa novena, na kadi ya sala aiache mfukoni. Aende nyuma ya tangi la maji na sahani yake, kabla mama yule na binti yake hawajamaliza kula.